Nazi Zimefika, Usitume Nyingine

Stesheni ya Igalula,
Jumapili, baada ya treni ya asubuhi kupita

Kwako mama yangu,

Shikamoo. Ukishaitikia hiyo, pokea na shikamoo nyingine nyingi nilizotumwa nikufikishie na watu usiowajua, wanaume kwa wanawake, wengine rika lako kabisa ambao wangeweza kukupa mkono tu yakaisha. Kwa nini wanakuamkia kwa heshima hivyo utajua mbele ya safari.

Mguu unaendeleaje? Bado unakusumbua asubuhi, au ile dawa ya kuchua imesaidia? Na paa la jikoni je, Mjomba Rajabu ameshaleta makuti au bado anayaleta kwa mdomo? Dada Mwanaisha, najua wewe ndiye unayemsomea mama. Tafadhali soma kila mstari, usiruke. Ukifika mahali pa msiba usisimame ukamtazama mama usoni, endelea kusoma tu. Hakuna aliyekufa.

Mimi ni mzima, nimenenepa kidogo, na koti la kazi linaanza kunibana mabegani.

Gunia la nazi limefika salama na limefika kwa wakati wake, tena wakati ambao wewe mwenyewe hukuupanga. Nakushukuru sana, na unisamehe nimekawia kukuandikia. Lakini mama, usitume nyingine. Ukisikia sababu utanielewa, na ninajua utacheka kwanza halafu utakasirika, kwa hiyo naomba ucheke kwa muda mrefu.

Nianze na watu wa huku wanavyokula, maana barua zangu za mwanzo zilikuwa za kulalamika tu na sikukueleza vizuri. Tangu watu wahamie kijijini na nyumba zikapangwa mstari, kila balozi na nyumba zake kumi wana mahali pao pa moto ambapo wanaume hukutana jioni. Wanapaita shikome. Kila nyumba inaleta ugali wake na bakuli lake la mboga, wanaume wanakaa juu ya magogo na vigoda, wanakula cha huyu na cha yule mpaka vyote viishe. Na wanapokula wanasimangana. Huyu anaambiwa mlenda wake umevutika mpaka Urambo, yule anaulizwa kama mboga yake imepikwa na fundi baiskeli. Hakuna anayenuna. Ndivyo wanavyokula, na nadhani bila masimango chakula hakishuki.

Balozi wetu ni Mzee Maganga, mtu mrefu, mpole, anayelima karanga na kufuga nyuki. Alinikaribisha tangu siku ya kwanza nilipohamishiwa hapa. Kwa kuwa sina mke wala bakuli, nilikula vya wenzangu. Kila jioni ilikuwa, "Mgeni, tangulia kunawa." Wakichinja kuku, "Mgeni, firigisi hii ni yako." Mwezi wa kwanza nilifurahi. Mwaka ulipokwisha bado nilikuwa nakula firigisi ya mgeni, na ilianza kunikaba.

Kilichoniuma zaidi ni utani. Unajua sisi na Wanyamwezi ni watani tangu babu zao walipokuwa wakishuka Bagamoyo na mizigo mabegani. Pale stesheni hawaniachi nipumue: eti ninatembea kama ninakanyaga mchanga wa moto, eti filimbi yangu inalia kwa lafudhi ya pwani. Lakini jua likizama, tukikaa kwenye chakula, utani wote unakufa na mimi nabaki mgeni wa heshima. Nikamuuliza Shija, kijana mwenzangu tunayefanya naye kazi relini, kwa nini jioni hawanisemi. Akanitazama kana kwamba nimeuliza reli inaelekea wapi.

"Tukuseme nini? Bakuli lako liko wapi tulitukane?"

Basi hiyo ndiyo habari iliyokuwa nyuma ya barua yangu ile ya kuomba mapishi, mama. Na ile niliyokuandikia baadaye, kwamba kama Mjomba Rajabu ana watu wake Dar azungumze nao nihamishwe, iliandikwa na mtu aliyechoka kuwa mgeni. Nilijiambia nitaweka bakuli langu pale motoni. Likikataliwa, nafunga mizigo nirudi pwani.

Ulinitumia kile kijitabu cha darasa lenu la kisomo, pamoja na zile nazi chache za mwanzo kwenye kikapu. Sikukitarajia kijitabu kile. Nilikuwa mdogo mlipokitengeneza mwaka ule wa Uhuru, mkikaa barazani kwa Bi Tabu, kila mmoja anasema pishi lake na mwalimu anaandika, kisha mnalisoma pamoja kwa sauti kama watoto wa darasa la kwanza. Karatasi zimekuwa za manjano, wino wa stensili unabaki vidoleni, na ukurasa wa samaki bado una alama ya samli ya mtu. Lakini nikikisoma nawasikia. Bi Tabu ameandikisha, "Kisamvu kitwangwe mpaka mtwangaji achoke, kisha atwange tena." Wewe umeandikisha wali wa nazi: "Mchele uchambuliwe kama anayekuja kula ni mkwe. Tui jepesi litangulie, tui zito lifuate, na mpishi asitoke jikoni kwenda kusikiliza ya watu." Mama, nilisoma mstari huo nikakuona kabisa, na upawa mkononi.

Nikachagua wali wako. Nilisema kama ninaweka bakuli la kwanza, liwe la kwetu hasa.

Ilikuwa Alhamisi, siku yangu ya mapumziko. Nilinunua mchele mzuri wa Nzega kwenye duka la ushirika, nikauchambua kama ulivyosema. Mbuzi ya kukunia nilijitengenezea mwenyewe kwa kipande cha bati. Sikutoka jikoni. Moshi wa kuni za huku ni mkali, na vitunguu vya kachumbari vikaongezea, macho yakawa mekundu kama ya mlevi. Wali ulipoiva harufu yake ilinipiga moyoni. Nilisali magharibi, nikabaki na kanzu yangu hiyo hiyo, nikapakua kwenye sinia, nikafunika kwa ile kawa uliyonipa nilipoondoka, nikatoka nalo kichwani mpaka motoni.

Niliweka sinia chini, nikafunua, nikasema, "Wazee, leo nimeleta na mimi. Hiki ni chakula cha mama yangu." Sauti ilinikatika kidogo hapo mwisho. Sikukusudia, lakini ndivyo ilivyotoka.

Mzee Maganga akavua kofia. Wakanawa polepole, wakala kidogo kidogo kwa adabu, hakuna aliyesema neno juu ya chumvi wala juu ya mpishi. Walipomaliza, Mzee Maganga akanishika mkono kwa mikono yake miwili akasema, "Tumekula, mgeni. Mungu akupe nguvu."

Nilirudi kwangu nimekufa moyo. Nilidhani nimepika vibaya kiasi kwamba mpishi anaombewa nguvu.

Usiku ule Mzee Maganga na wanaume wengine wawili walikuja na mikeka yao wakalala barazani kwangu. Nikadhani ni zamu ya mgambo. Asubuhi wanawake wakapita, mmoja akaacha unga wa mtama, mwingine mzigo wa kuni, mwingine karanga kwenye ungo. Wote walisema "pole" na kuondoka bila kukaa. Nikajua sasa habari ya wali wangu imefika kila nyumba na watu wananihurumia nisife njaa. Niliona haya hata kwenda kuteka maji.

Jioni akaja Mama Kalunde, mke wa Mzee Maganga. Huyu mama anauza karanga na mayai ya kuchemsha pale stesheni treni zikisimama, na wateja wake wote anawajua kwa mabehewa wanayopanda. Alikuja na kuku mweupe, mtetea, amefungwa miguu. Akakaa kwenye kizingiti, akauliza kwa upole sana:

"Mwanangu, aliumwa muda mrefu?"

"Nani huyo, mama?"

"Mama yako."

Hapo, mama, ndipo nilipoelewa. Huku wali haupikwi siku ya kawaida. Wali ni wa arusi au wa msiba, na arusi haijifichi. Tena Waislamu wa Tabora mjini wanajulikana, wakifiwa hupika wali usiku wa kuamkia Ijumaa, wakasoma, wakawalisha majirani. Sasa mimi huyu hapa, kijana asiye na mke, Alhamisi jioni, kanzu nyeupe, macho mekundu, sinia limefunikwa, nasimama mbele ya wazee na kusema kwa sauti ya kukatika kwamba hiki ni chakula cha mama yangu. Wewe mwenyewe ungepita ungenipa pole.

Na kwa adabu zao hawakuniuliza. Mfiwa hasumbuliwi kwa maswali. Ulililiwa, mama, na kijiji kizima, ukiwa hai Bagamoyo unagombana na mguu wako.

Nikamwambia Mama Kalunde ukweli palepale. Nilisema, "Mama yangu hajafa. Yu mzima. Nilipika tu." Unafikiri alifurahi? Alinitazama kwa huruma zaidi ya mwanzo, akanipapasa bega.

"Hata mimi mama alipofariki nilisema hivyohivyo. Ulie, mwanangu. Ukiyafungia ndani yatakuumiza."

Nikamfuata Mzee Maganga shambani kwake, nikamweleza tena kwa utaratibu, mwanzo mpaka mwisho. Alisikiliza hadi nikamaliza, akaniambia nisiende kazini kesho, atazungumza na mkuu wa stesheni. Kadiri nilivyozidi kueleza ndivyo nilivyozidi kuwa mgonjwa. Nikaanza kuogopa. Nikawaza, nikiwashawishi wakaniamini, watasema nimewachezea. Mtu aliyewalaza watu barazani kwa msiba wa uongo atakaa nao vipi? Na nikinyamaza, basi nitaishi na mama marehemu, na barua zako nizipokee kwa kujificha kama mwizi. Usiku sikulala. Nilikaa nikipanga maneno ya kumwandikia Mjomba Rajabu afanye haraka.

Kesho yake nilikwenda kazini hivyohivyo. Treni ya abiria kutoka Dar ikaingia. Mama Kalunde alikuwa pale na ungo wake kichwani, na wanawake wenzake, wote wakiniangalia kwa jicho la pole. Gadi akaninginia mlangoni kwenye behewa la mwisho, huyu huyu Mrisho wa mtaa wetu, akaanza kupiga kelele kabla treni haijasimama vizuri:

"Sefu! Sefu we! Gunia la nazi kutoka kwa mama yako! Anasema amekuota umekonda, na anauliza kwa nini hujibu barua!"

Mama Kalunde akateremsha ungo.

"Mama yake yupi?" akamuuliza Mrisho.

"Mama yake mzazi. Ana mwingine?"

"Umemwona lini?"

"Juzi, sokoni, anamgombeza muuza samaki. Alinishika shati nisiondoke bila gunia hili. Kwani vipi?"

Mama Kalunde alinitazama, akalitazama gunia, akarudi kunitazama mimi. Kisha akainua ungo wake na kwenda kuwauzia watu karanga dirishani kama kawaida, lakini niliona mabega yake yanatikisika na sikuweza kujua kama anacheka au analia. Baadaye alinambia vilikuwa vyote viwili.

Jioni ile nilikwenda kwenye moto mikono mitupu. Nilijua habari imeshanitangulia. Watu wote walikuwa wamekaa na mabakuli yamefunikwa, hakuna anayekula. Nikasimama. Nikasema, "Wazee, nisameheni. Sikujua."

Mzee Maganga akainuka. Siku zote ni mtu wa sauti ya chini, lakini jioni ile alisema kwa nguvu kama mnadi wa soko.

"Mnamwona mtani huyu? Nimelala kwenye baraza lake, mbu wamenila mpaka mifupa, kwa msiba wa mtu anayegombana na wauza samaki! Mke wangu amelia machozi ya bure. Shija huyu amekosa kwenda kucheza bao. Haya, watani, machozi yetu tunayasamehe?"

"Hatusamehi!" wakajibu wote.

"Atayalipa?"

"Atayalipa!"

Hukumu ikatoka palepale: kesho nipike, tena chakula cha watu wanaoishi. Wali marufuku. Nazi marufuku kabisa, kwa sababu sasa katika kijiji hiki harufu ya nazi ni harufu ya matanga. Unaona basi kwa nini nakuomba usitume nyingine. Hizi ulizotuma nimezipeleka Tabora mjini kwa mzee mmoja wa mtaa wa Mtendeni anayepika vitumbua, naye amenipa tende na halua, ambazo watoto wa hapa wamezimaliza kabla sijazionja.

Kesho yake nikafungua ukurasa wa Bi Tabu. Kisamvu. Mama Kalunde alikuja kunionyesha namna ya kusaga karanga zao zitoe maziwa, nikazitia pale kijitabu kinaposema nazi. Alikuwa akiniuliza kila mara, "Kitabu kinasemaje?" Nikimsomea anaguna na kufanya vingine. Niliposoma ule mstari wa kutwanga mpaka uchoke kisha utwange tena, alisema huyo Bi Tabu ni mtu wa maana na angependa kumwona. Ugali alikataa kunisaidia. Alisema huo ni wangu.

Nikapeleka ugali wangu na bakuli langu, lile la bati lenye ua jekundu. Nikaliweka katikati ya mabakuli mengine. Mzee Maganga akamega tonge, akalifinya, akalitazama kwenye mwanga wa moto, akachovya, akatafuna.

"Mtani," akasema, "ugali huu umeukoroga au umeumwagia kokoto za reli?"

Shija akaonja. "Mama yake hajafa, lakini akila mboga hii tutalala tena barazani."

Mwingine akasema kisamvu kimetwangwa na mtu aliyekuwa anaiwahi treni. Mwingine akauliza kama chumvi bado iko njiani kutoka Bagamoyo. Walinisema wote, mmoja baada ya mwingine, mpaka wazee wawili ambao hawajawahi kunisemesha zaidi ya salamu. Na mikono yao ilikuwa inarudi kwenye bakuli langu bila kupumzika. Lilikwisha kabla ya mengine, Shija akalifuta kwa kidole. Mama, nilicheka mpaka machozi yakanitoka kweli, na safari hii hakuna aliyenipa pole.

Hakuna aliyesema "mgeni" jioni ile, na hawajasema tena mpaka leo. Firigisi sasa zinakwenda kwa mkaguzi wa njia anayetutembelea, maskini, anazipokea kwa furaha.

Kwa hiyo mwambie Mjomba Rajabu asijisumbue na watu wake wa Dar. Mwambie nashukuru, makuti yatosha. Najua ulitaka nirudi karibu, na mimi nakukumbuka kila nikishika upawa. Lakini nakuambia jambo moja nililoliona, nalo ndilo lililonifanya nikae. Mtu hajui msiba wake utakuwaje mpaka umfike. Mimi nimeuona kabla. Nimewaona walioacha vitanda vyao wakalala kwenye udongo kwa ajili ya mwanamke wa pwani wasiyemjua, eti kwa kuwa ni mama yangu. Siku utakapoondoka kweli, Mungu aicheleweshe sana, sitakulilia peke yangu. Sikuwa na amani hiyo kabla, sasa ninayo.

Nisalimie Bi Tabu, umwambie kisamvu chake kimefika kwenye njia ya misafara bila nazi na kimepita. Msalimu Mjomba Rajabu na mkewe, shemeji yangu mume wa Mwanaisha, na bibi yule jirani aliyenishonea mto wa safari. Wewe dada uliyenisomea, asante. Pumzisha koo lako, umebakiwa na kidogo tu.

Limebaki la yule kuku. Unga na kuni nilivirudisha shikome, tukavitumia wote. Lakini kuku nilimrudisha kwa Mama Kalunde mwenyewe, na akakataa kumpokea. Alisema kilichotolewa kwa ajili ya mtu hakirudi nyumbani. "Ni wa mama yako. Kama yu hai, mfugie mpaka aje amchukue." Nikamjengea banda nyuma ya nyumba. Akataga, akalalia, na wiki hii ameangua. Vifaranga ni vizima vyote, na kila anayepita anasimama kuvitazama, anauliza mwenyewe anakuja lini na kukutumia shikamoo, eti aliyekwisha kuliliwa matanga ni mkubwa wa wote. Mrisho amesema atakutafutia nafasi nzuri dirishani. Njoo mama, wakuone.

Mwanao anayekupenda, mwenye bakuli lake,

Sefu